Vifaa vya spektroskopia ya leza

Vifaa vya spektroskopia ya leza ni mashine na zana za maabara zinazotumika kuchunguza maada kwa nuru ya leza. Mwale wa leza huelekezwa kwenye sampuli, kisha hupimwa nuru iliyofyonzwa, iliyotolewa au iliyotawanywa na sampuli hiyo. Kwa njia hii watafiti hutambua elementi na molekuli zilizomo, kiasi chake, halijoto yake na hata mwendo wa atomu zake.

Maabara ya aina hii huwa na sehemu kuu tano: chanzo cha nuru yaani leza, vifaa vya kuongoza mwale, mahali pa kuweka sampuli, kigunduzi cha nuru, na vyombo vya umeme na kompyuta vinavyosoma ishara. Mara nyingi leza ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, lakini ubora wa kipimo hutegemea sehemu zote tano. Leza yenye nguvu kubwa ambayo masafa yake yanayumba, au iliyofungwa juu ya meza inayotikisika, hutoa matokeo mabaya kuliko leza ndogo iliyotulia.

Msingi wa kazi

Kila aina ya atomu na molekuli ina ngazi zake za nishati. Atomu hupanda ngazi kwa kufyonza fotoni ambayo nishati yake ni sawa na tofauti kati ya ngazi mbili, na hushuka kwa kutoa fotoni ya namna hiyo. Kwa sababu ngazi hizo hazifanani kati ya elementi moja na nyingine, rangi zinazofyonzwa au kutolewa hutambulisha elementi kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu. Sodiamu, kwa mfano, hutoa nuru ya manjano yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589.0 na 589.6. Rangi hiyo huonekana chumvi ya kupikia inapoangukia katika moto wa jiko la gesi.

Nuru ya taa ya kawaida ni mchanganyiko wa rangi nyingi, kwa hiyo ni lazima itenganishwe kwa prisma (mche wa kioo) au kwa gretingi, yaani bamba lenye mistari mingi myembamba iliyochorwa sambamba. Leza hutoa nuru ya karibu rangi moja tupu katika mwale mwembamba. Masafa yake, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, yanaweza kubadilishwa polepole hadi yalingane na mstari mmoja wa atomu.

Ugumu wa kazi hii unaonekana katika mfano wa atomu ya rubidi. Mstari wake mmoja uko kwenye nanomita 780.24, sawa na masafa ya takriban terahezi 384. Upana wa asili wa mstari huo ni megahezi 6 hivi. Leza inayotaka kuulenga inapaswa kutulia ndani ya sehemu moja kati ya zaidi ya milioni 60 ya masafa yake. Vifaa vingi vinavyoelezwa hapa chini vipo kwa ajili ya kupata na kulinda utulivu wa kiwango hicho.

Historia

Isaac Newton alitenganisha nuru ya jua kwa prisma katika miaka ya 1660. Mwaka 1814 Joseph von Fraunhofer wa Ujerumani alichunguza kwa makini mistari myeusi iliyomo katika spektra ya jua. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, wakifanya kazi Heidelberg, walitumia spektroskopu kugundua elementi mbili mpya: sesi mwaka 1860 na rubidi mwaka 1861. Mwaka 1928 C. V. Raman wa Uhindi aligundua kwamba sehemu ndogo sana ya nuru inayotawanywa na molekuli hubadilika rangi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, tarehe 16 Mei 1960. Ilitumia fuwele ya yakuti nyekundu na kutoa nuru ya nanomita 694. Mwishoni mwa mwaka huohuo Ali Javan na wenzake walitengeneza leza ya gesi za heli na neoni. Leza za rangi za kimiminika zilipotokea mwaka 1966, watafiti walipata kwa mara ya kwanza leza ambayo urefu wa wimbi wake uliweza kubadilishwa kwa upana mkubwa. Nicolaas Bloembergen na Arthur Schawlow walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1981 kwa kuendeleza spektroskopia ya leza.

Ahmed Zewail, mwanakemia mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi Marekani, alitumia mapigo mafupi sana ya leza kufuatilia molekuli zinavyovunjika na kuungana. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999. Mwaka 2005 John Hall na Theodor Hänsch walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa vipimo vya leza vya usahihi mkubwa, pamoja na njia ya kitana cha masafa.

Aina za leza zinazotumika

Leza huchaguliwa kulingana na sampuli na swali la utafiti. Zinazokutwa zaidi maabarani ni hizi:

- Leza ya dayodi: kipande kidogo cha nusukipitishi, ndugu wa leza iliyomo katika kisoma CD. Ni ya bei nafuu na hutumia umeme kidogo. Urefu wa wimbi wake hubadilika kwa takriban robo ya nanomita hivi kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, hivyo huwekwa pamoja na kidhibiti cha halijoto na kidhibiti cha mkondo wa umeme. Gretingi ikiwekwa mbele yake na kurudisha sehemu ya nuru ndani ya dayodi, upana wa mstari wa leza hupungua hadi chini ya megahezi 1.
- Leza ya heli na neoni: hutoa nuru nyekundu ya nanomita 632.8. Nguvu yake ni ndogo, lakini imetulia, na hutumika kupanga vioo na kama kipimo cha kulinganishia.
- Leza ya Nd:YAG: hutoa mapigo yenye nguvu ya nanomita 1064. Kwa kupitisha nuru hiyo katika fuwele maalumu hupatikana pia nanomita 532, 355 na 266.
- Leza ya rangi: hutumia rangi za kemikali zilizoyeyushwa katika kimiminika kama vile alkoholi. Kwa kubadilisha rangi hufikiwa sehemu nyingi za nuru inayoonekana.
- Leza ya titani na yakuti: fuwele yake hutoa nuru ya takriban nanomita 650 hadi 1100. Inaweza kutoa mwale usiokatika au mapigo ya femtosekunde chache.
- Leza ya ngazi za kwanta: ilioneshwa mara ya kwanza mwaka 1994. Hutoa miale ya infraredi ya mbali kidogo, ambako gesi nyingi zina mistari yake yenye nguvu.

Meza na vifaa vya kuongoza mwale

Vifaa hufungwa juu ya meza nzito ya chuma ambayo ndani yake ina muundo kama sega la nyuki, ili iwe ngumu bila kuwa na uzito wa kupindukia. Uso wake una matundu ya skrubu yaliyopangwa kwa safu, kwa kawaida kila baada ya milimita 25. Miguu yake huelea juu ya hewa iliyoshindiliwa, ili mtikisiko wa sakafu, wa magari ya barabarani au wa hatua za watu usifike kwenye vioo. Hili ni la lazima kwa sababu kioo kikisogea kwa sehemu ya mikromita tu, vipimo vinavyolinganisha mawimbi mawili huharibika.

Juu ya meza hukaa vioo, lenzi, vigawa mwale na vichujio. Kioo cha maabara hupakwa tabaka za kuakisi upande wa mbele, wala si nyuma kama kioo cha kujitazamia, ili mwale usiakisiwe mara mbili. Kila kioo hushikwa na fremu yenye skrubu nyembamba za kukigeuza kidogokidogo. Kuna pia kizuia kurudi, kifaa kinachotumia sumaku na fuwele kuruhusu nuru ipite upande mmoja tu. Bila hicho, nuru inayorudi kutoka kwenye lenzi au sampuli huingia tena katika leza na kuyumbisha masafa yake. Mara nyingine mwale husafirishwa ndani ya uzi wa kioo, kama ule wa mkongo wa mawasiliano ya intaneti.

Vyumba vya sampuli

Sampuli ngumu huwekwa juu ya jukwaa linalosogezwa kwa skrubu au mota. Kimiminika huwekwa katika kichupa cha pande nne cha kioo cha kwatsi, kwa kuwa kioo cha kawaida hufyonza miale ya urujuanimno. Gesi hufungiwa katika bomba lenye madirisha pande mbili.

Kiasi cha nuru inayofyonzwa huongezeka kadiri gesi inavyokuwa nyingi na njia ya mwale inavyokuwa ndefu. Kwa sababu hiyo gesi iliyo chache sana huhitaji njia ndefu. Mwaka 1942 John White alieleza chumba chenye vioo vya mbonyeo vinavyourudisha mwale mara nyingi kabla haujatoka, na chumba cha Herriott kilifuata katika miaka ya 1960. Katika vyumba hivyo mwale husafiri makumi ya mita ndani ya chombo kinachotosha juu ya meza.

Majaribio ya atomu zilizopozwa kwa leza huhitaji ombwe. Pampu huondoa hewa hadi kanieneo ya ndani iwe chini ya sehemu moja ya trilioni ya kanieneo ya hewa ya kawaida, ili atomu zisigongwe na molekuli za hewa.

Vigunduzi

Kigunduzi hubadilisha nuru kuwa umeme. Fotodayodi ya silikoni hufaa kwa nuru ya takriban nanomita 400 hadi 1100, na ile ya indi, gali na aseniki hufikia takriban nanomita 1700. Nuru ikiwa hafifu mno hutumika fotomaltiplaya. Hii ni neli ya ombwe yenye volteji ya takriban 1000, ambamo elektroni moja iliyong'olewa na fotoni huzidishwa hatua kwa hatua hadi kufikia elektroni milioni moja au zaidi.

Spektromita huunganisha gretingi na kamera. Gretingi hutawanya rangi, na kila safu ya kamera hupokea rangi yake, hivyo spektra nzima hupatikana kwa mara moja. Kamera hizo hupozwa hadi makumi ya nyuzi chini ya sifuri, kwa kuwa joto lenyewe huzalisha elektroni zinazofanana na ishara ya nuru.

Vyombo vya kusoma ishara

Osiloskopu huonesha ishara inavyobadilika kwa wakati. Ishara ikizamishwa na kelele, yaani mabadiliko ya ovyo ya umeme na nuru ya chumba, hutumika kikuzaji cha kufuata mpigo. Mwale hukatwakatwa kwa gurudumu lenye matundu, mathalani mara 1000 kwa sekunde, na kikuzaji hupokea tu kile kinachobadilika kwa mwendo uleule. Ni kama mtu anayefuata mpigo mmoja wa ngoma katikati ya makelele ya soko: akishaujua mwendo wake, hapotezi.

Uhakiki wa vipimo

Namba inayoonekana kwenye skrini haina maana mpaka kifaa kihakikiwe kwa kitu kinachojulikana. Spektromita huhakikiwa kwa taa za neoni, agoni au zebaki, ambazo mistari yake imepimwa kwa usahihi. Vifaa vya Raman huhakikiwa kwa kipande cha silikoni, ambacho mstari wake uko kwenye takriban 520 kwa sentimita. Leza ikiwa ya nanomita 532, mstari huo unapaswa kuonekana karibu na nanomita 547. Ukionekana kwingine, spektromita inahitaji kurekebishwa.

Masafa ya leza yenyewe hupimwa kwa kipima wimbi, kinachoilinganisha na leza ya heli na neoni iliyotulizwa. Njia nyingine ni kutumia atomu kama kipimo. Katika mvuke wa rubidi wenye joto la chumba, atomu hukimbia huku na huku, na mstari hutanuka hadi megahezi 500 hivi. Miale miwili ya leza hiyohiyo ikipitishwa kwa kuelekeana, ni atomu zisizosogea kuelekea mwale wowote tu zinazoitikia yote miwili kwa pamoja. Mstari mwembamba hujitokeza, na leza hufungwa hapo kwa njia ya umeme.

Kitana cha masafa ni leza ya mapigo ambayo spektra yake ina maelfu ya mistari iliyopangwa kwa nafasi sawa kama meno ya kitana. Huunganisha masafa ya nuru na saa za atomu, hivyo mitetemo ya nuru inaweza kuhesabiwa moja kwa moja.

Mifano ya mipangilio

Spektroskopia ya Raman hutumia leza moja, vichujio na spektromita. Takriban fotoni moja tu kati ya milioni kumi hubadilika rangi, kwa hiyo kichujio kinachozuia rangi ya leza yenyewe ni muhimu kama kigunduzi. Leza ya nanomita 785 hupendelewa kwa sampuli za viumbe, kwa kuwa haiamshi sana mng'ao unaofunika ishara.

Njia iitwayo LIBS hukaza pigo la leza juu ya sampuli mpaka sehemu ndogo ya uso igeuke plazma. Nuru ya plazma huonesha elementi zilizomo. Chombo cha ChemCam kwenye gari la Curiosity, lililotua Mirihi Agosti 2012, huchunguza miamba kwa njia hii kutoka umbali wa hadi mita 7.

Katika njia ya kufifia kwa nuru, iliyoelezwa mwaka 1988, nuru hunaswa kati ya vioo viwili vinavyoakisi karibu nuru yote. Vioo vya asilimia 99.99 vikiwa sentimita 50 kutoka kimoja hadi kingine, nuru hufifia kwa takriban mikrosekunde 17, na kwa muda huo husafiri karibu kilomita 5. Gesi inayofyonza asilimia 0.001 tu katika sentimita 50 ingefyonza karibu asilimia 10 katika kilomita 5. Kinachopimwa ni muda wa kufifia, kwa hiyo kuyumba kwa nguvu ya leza hakuharibu matokeo.

Katika majaribio ya femtosekunde pigo moja huamsha molekuli, na la pili huichunguza baada ya muda mfupi. Muda hupangwa kwa kusogeza vioo: vikisogezwa mikromita 15, njia huongezeka mikromita 30, na pigo huchelewa kwa femtosekunde 100.

Usalama

Hatari kubwa zaidi ni kwa macho. Nuru ya nanomita 400 hadi 1400 hupita konea na kukusanywa na lenzi ya jicho juu ya retina, ambako ukali wake huongezeka hadi takriban mara 100,000. Jeraha la retina kwa kawaida haliponi. Miale ya infraredi ni ya hatari zaidi kwa kuwa haionekani, na jicho halifumbi kujikinga.

Leza hugawanywa katika madaraja kuanzia 1 hadi 4. Daraja la 2 ni nuru inayoonekana isiyozidi miliwati 1, na daraja la 4, kwa mwale usiokatika, huanzia zaidi ya miliwati 500. Leza ya daraja la 4 huweza kuunguza ngozi na kuwasha moto, na hata nuru yake iliyotawanywa na ukuta huweza kudhuru jicho.

Miwani ya kinga huchaguliwa kwa urefu wa wimbi wa leza inayotumika. Miwani ya namba 6 hupitisha sehemu moja tu ya milioni ya nuru, lakini kwa urefu wa wimbi ulioandikwa juu yake pekee; miwani ya leza ya kijani huenda isizuie infraredi. Watafiti huvua saa na pete, huweka mwale chini ya usawa wa macho, hufunga mwisho wake kwa kizuizi, na hawainamishi kichwa hadi usawa wa meza. Mlango huwekewa taa ya onyo. Hatari nyingine ni umeme wa volteji kubwa, ambao huweza kubaki katika kapasita hata baada ya mashine kuzimwa, pamoja na kemikali za leza za rangi, baadhi zikiwa sumu na nyingine zikiwaka kwa urahisi.

Mahitaji ya chumba na hali barani Afrika

Chumba kinahitaji halijoto isiyobadilika, hewa kavu isiyo na vumbi na umeme uliotulia. Chembe ya vumbi juu ya kioo huungua chini ya mwale mkali na kuacha doa la kudumu. Unyevu wa pwani huharibu baadhi ya fuwele, na kukatika kwa umeme husimamisha pampu za ombwe. Kwa hiyo gharama ya maabara hujumlisha kiyoyozi, betri za akiba, vipuri na fundi, mbali na bei ya leza.

Kutokana na gharama hizo, ushirikiano umekuwa njia muhimu barani Afrika. Mtandao wa LAM wa watafiti wa leza, atomu na molekuli ulianzishwa mwaka 1991 na kuratibiwa kutoka Dakar, Senegal. Kituo cha Leza cha Afrika kilianzishwa mwaka 2003 na makao yake yako Pretoria, Afrika Kusini. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi watafiti wa fizikia wametumia njia ya LIBS kuchunguza elementi katika udongo na miamba.

Vifaa vidogo vya dayodi vimepunguza gharama ya kuanza. Leza ya dayodi, seli ya rubidi, fotodayodi na osiloskopu vinatosha kumwonesha mwanafunzi wa chuo mstari halisi wa atomu. Kwa vifaa hivyo hujifunza pia kupanga vioo, kuhakiki kipimo na kulinda macho kabla hajakabidhiwa mashine kubwa.